Kebini ya boti yangu imekuwa sufuria ya mvuke. Hewa niipitishe wapi?

FundiBaridi_Mtwapa

Salaam wana bahari.

Naomba msinicheke. Kazi yangu ni mafriji na viyoyozi. Mwaka wa 22 huu nawapoza watu wa Mombasa, halafu Ijumaa usiku nikienda kulala kwenye boti yangu mwenyewe naiva kama muhogo.

Boti ni ya tanga, ya faiba, futi 26, iliundwa Uingereza miaka ya 70. Ina mikuku miwili, yaani mapezi mawili chini ya tumbo, kwa hivyo maji yakipwa inakaa juu ya tope wima kama ng'ombe aliyesimama, na hilo ndilo lililonifanya niipende. Lakini aliyeichora alikuwa akiwaza baridi. Madirisha ya pembeni ni manne na hakuna hata moja linalofunguka. Pa kupitia hewa ni pawili tu: mlango wa kushukia ndani, huko tezi (nyuma), na dirisha moja la sitaha huko omo (mbele), sentimita 50 kwa 50. Bawaba za hilo dirisha ziko upande wa mbele, kwa hivyo likifunguka linatazama nyuma. Nadhani ni kwa ajili ya mawimbi.

Nimeifunga kwenye boya ndani ya hori la Mtwapa, si mbali na mikoko, kwa hivyo mbu ninao wa kutosha kugawia jirani. Nimetandaza wavu kwenye dirisha la omo, nimeukaza kama ngozi ya ngoma. Mlangoni naacha zile mbao za kuchomeka zote isipokuwa upenyo wa juu wa vidole vitatu hivi, maana vijana wa usiku nao wapo.

Jumamosi iliyopita saa 4 usiku nilipima kwa kipimo changu cha kazini. Nje nyuzi 26, unyevu asilimia 85. Ndani nyuzi 30, asilimia 84. Mtu atasema basi unyevu ni uleule. Siyo. Hewa ya nyuzi 30 ina uwezo wa kubeba maji mengi kuliko ya nyuzi 26, kwa hivyo hiyo asilimia 84 ya ndani ni maji mengi zaidi kama kwa robo. Hiyo robo tumeileta wenyewe: pumzi, jasho na chai.

Matokeo yake godoro limelowa upande wa chini, sijui limelowaje maana hakuna linapovuja. Kanzu niliyoiacha kwenye kabati kwa wiki mbili imeingia kawa mabegani, madoadoa meusi, siku ya Ijumaa nikaenda msikitini na shati. Na kuna uvundo wa samaki ambao unakaa kitandani, siyo jikoni, jambo ambalo silielewi kabisa.

Mama watoto amesema safari ya Kilifi ya mwezi wa nane nisafiri mimi na boti yangu, yeye atapanda matatu tukutane huko.

Jirani mmoja hapa horini ananishauri nitoboe sitaha matundu manne niweke feni za sola. Drili ninayo. Moyo wa kutoboa ndio sina. Mwenye kujua anisaidie kabla sijaharibu.

fundi_mvule_Tanga

Ndugu FundiBaridi, drili weka chini kwanza.

Mimi naunda mashua na kukarabati boti za faiba Tanga. Nimeona watu wengi wakitoboa matundu sita na joto likabaki palepale. Tundu halivuti hewa kwa kuwa ni tundu. Hewa inatoka pale inaposukumwa kwenda pale inaponyonywa, na kama tundu zako zote mbili zinasukumwa sawasawa, au zinanyonywa sawasawa, utalala katikati yake ukitoka jasho, hata upepo uwe wa kupeperusha kofia.

Wewe dirisha lako la omo linatazama nyuma. Mlango wako nao unatazama nyuma. Upepo ukija kwa omo, zote mbili ziko kisogoni mwa upepo. Zote zinanyonya, hakuna inayoingiza.

Tena wewe uko horini. Boti iliyotia nanga bahari wazi inageukia upepo, hiyo ndiyo wanayoiandikia vitabu vya mashua. Ya horini inageukia mkondo. Maji yakijaa omo inatazama baharini, yakitoka inatazama bara, na kusi, upepo wa kusini, anakupiga ubavuni usiku kucha. Usiku wa bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, ndiyo kabisa. Kwa hivyo kabla ya kununua chochote, fanya hivi: nunua vijiti vya udi, washa kimoja katikati ya kebini, kaa kimya uangalie moshi unakwenda wapi. Fanya mara tatu usiku mmoja, maji yakitoka, yakijaa, na yakisimama. Uandike. Moshi hauna uongo.

Kuhusu godoro: halivujiwi. Umelilaza juu ya plaiwudi iliyo juu ya faiba, na upande wa pili wa ile faiba ni bahari. Mvuke wa mwili unashuka kupitia sponji, unakutana na ubao wa baridi, unageuka maji. Wewe fundi wa friji unalijua hilo kuliko mimi. Kitanda cha nyumbani kina chaga kwa sababu. Weka chaga hata humo, za unene wa inchi moja, au toboa ile plaiwudi matundu mengi ya inchi mbili mbili na utandike jamvi la makumbi juu yake. Na foronya ya godoro uifue kwa maji ya kisima au ya bomba mpaka chumvi itoke. Chumvi inavuta maji hewani, kitambaa chenye chumvi hakikauki hata ukianike siku nzima.

Wavu wako nao. Wavu mdogo uliokazwa kwenye dirisha unakaba upepo dhaifu kama kitambaa puani. Ondoa hapo. Funika kitanda chote kwa chandarua kikubwa, hewa ipite kwenye eneo pana ingawa inapita polepole.

Ukija kuamua kutoboa, toboa kwa ajili ya sanduku la dorade, na ni kwa sababu moja tu: boti yako inafungwa Jumatatu hadi Ijumaa. Hapo ndipo kanzu inaoza. Siyo usiku uliopo wewe.

Sanduku lenyewe ni rahisi. Kasha juu ya sitaha, bomba la kudaka upepo limesimama upande mmoja wa kifuniko, na tundu la kuingilia ndani liko upande mwingine, na hilo la ndani limenyanyuliwa kwa kipande cha bomba sentimita kadhaa juu ya sakafu ya kasha. Wimbi au mvua ikiingia inaanguka chini ndani ya kasha na kutoka kwa vitundu vya pembeni, hewa inaruka juu ya kizingiti na kushuka kebinini. Jina limetokana na Dorade, boti ya Olin Stephens iliyoshinda mbio za kuvuka Atlantiki mwaka 1931. Mimi nayaunda kwa mvule, bomba la inchi 4. Usishuke inchi 3, maana inchi 4 inapitisha karibu mara mbili ya inchi 3, watu hawaamini mpaka wapige hesabu.

kijana_wa_ngalawa

Mimi ngalawa yangu haina kebini, haina dirisha, haina mlango, na kawa sijaiona tangu nizaliwe. Uza hiyo friji ya Kiingereza bro 😂

BiJikoni_Unguja

Kaka FundiBaridi, pole na joto.

Mimi napika kwenye boti ya wageni, tunalala nje siku tatu nne, huwa Mnemba na pengine tunavuka hadi Pemba. Sijui kuunda sanduku la mtu yeyote. Ila nimeona umeandika "pumzi, jasho na chai" halafu chai ukaipita mbio mbio, na mimi nataka tusimame hapo hapo.

Unapikia gesi, sivyo? Gesi ikiungua inazaa maji. Kilo moja ya gesi ukiimaliza ndani ya kebini umemwaga humo zaidi ya lita moja na nusu ya maji, huyaoni kwa kuwa yamepaa. Hapo sijatia hesabuni yale yanayotoka ndani ya sufuria yenyewe. Ukachemsha wali bila mfuniko saa 2 usiku, mbao za mlango umezichomeka, saa 4 unapima unyevu na kushangaa! Mimi chakula cha usiku nakipika kabla jua halijazama, mlango wazi, na cha moto cha baadaye kinakwenda kwenye chupa. Chai ya alfajiri inatoka kwenye chupa. Ukilazimika kupika usiku, funika sufuria, pika karibu na mlango na mlango uwe wazi, mbu wakuume hiyo nusu saa.

La pili naomba ulisome mara mbili. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haitoki dirishani, inashuka ngamani, chini kabisa ya boti, na kukaa huko kama maji. Hata dirisha la juu liwe wazi kama lango la ng'ombe, haitoki. Mtungi uwe nje sitahani, ufunge valvu kila ukimaliza kupika, na ukisikia harufu usiwashe hata taa: funga mtungi, fungua kila kitu, na uchote ile hewa ya chini kwa ndoo kama unayechota maji. Wanaume wa boti yetu walinicheka siku niliyofanya hivyo. Wacheke.

La tatu, jiko la makaa. Kuna watu mvua ikinyesha wanalishusha ndani "dakika mbili tu tumalizie samaki". Kaka, hewa ya sumu ya makaa haina rangi wala harufu, inaanza na usingizi mtamu. Usilishushe. Mule mkate.

Na kanzu yako: paka siki ile kawa, uianike juani, ufue kesho yake. Ukiwahi inatoka.

FundiBaridi_Mtwapa

Bi Jikoni, nimesoma mara mbili kama ulivyoniamuru, na mtungi umeshapanda sitahani. Nakiri sufuria zangu hazikuwa na mifuniko, mifuniko imebaki nyumbani.

@kijana_wa_ngalawa siku ya mvua utanijia.

Fundi, nimefanya mtihani wa udi. Ijumaa ilikuwa bamvua, nikakaa macho usiku mzima na pakiti ya udi wa dukani na daftari la wateja.

Saa 2 usiku maji yanatoka, omo inatazama bara. Kusi hafifu anakuja ubavu wa kushoto. Moshi ukapanda mpaka darini, ukatandaa, ukazunguka zunguka kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu asijue mlango uko wapi. Ukabaki. Nilikohoa mimi.

Saa 6 usiku maji yanajaa, boti imegeuka, omo baharini, upepo sasa ubavu wa kulia. Vilevile. Nje upepo unasikika kwenye kamba za mlingoti, ndani moshi umesimama. Hapo ndipo nilipoelewa maneno yako, maana tundu zangu zote mbili ziko katikati ya boti, upepo wa ubavuni unazipita zote kwa namna moja.

Saa 10 alfajiri ndiyo ikanishangaza. Maji yamesimama, umande umeanza kuvuma kutoka bara, boti ikageuza omo kuuelekea. Moshi ukaanza kutembea, polepole lakini kwa hakika, kutoka mlangoni KWENDA OMO. Yaani hewa ndani inakwenda kinyume na upepo wa nje! Nilidhani nimesinzia. Nikawasha kijiti kingine nikakiweka jikoni, karibu na mlango. Moshi ukapita juu ya jiko, ukapita mezani, ukaingia chumba cha omo nilikoweka kitanda, ukatokea dirishani.

Basi uvundo wa samaki kitandani nimeujua. Kila alfajiri boti inachukua hewa ya jikoni na ya ngamani inaniletea kwenye mto wa kulalia. Dirisha la omo likiinuka linatazama nyuma, upepo unaruka juu ya mgongo wake, nyuma yake panakuwa na unyonyaji mkubwa kuliko wa mlangoni. Ni feni ya kutolea hewa, sema mimi nimelala kwenye bomba lake.

Swali langu sasa: nikigeuza bawaba dirisha litazame mbele, nitapata saa mbili za alfajiri. Saa nane za mkondo nitafanyaje? Kuna tanga dogo la kudaka upepo linalouzwa tayari, lakini linatazama mbele tu.

fundi_mvule_Tanga

Sasa umekuwa baharia. Bawaba usiguse, siku wimbi likikuvunjikia omo utamshukuru Mwingereza.

Njia ya kale: funga kamba kwenye mnyororo wa boya, uilete pembeni mpaka tezi, uivute. Boti itakaa mshazari na upepo utaupata kwa omo. Ila horini mkondo ukiwa mkali kamba inalia usiku kucha, na maji yakigeuka inabidi uamke uihamishe. Nimeifanya nikiwa kijana. Nimeacha.

MzukuuWaUnguja_Maskati

Assalaam alaykum. Nawasoma toka Maskati, mimi mzaliwa wa huku ila nyumbani tunasema Kiswahili cha bibi, mkiona makosa mnisamehe.

Ndugu wa Mtwapa, shida yako watu wa Ghuba waliitatua kabla ya umeme, nchi kavu. Ukienda Dubai mtaa wa Al Fahidi, ule wa zamani wa Bastakiya, utaona nyumba zina minara mifupi juu ya paa, pande zote nne wazi. Ni badgir, huku husema pia barjeel. Wafanyabiashara waliotoka ng'ambo ya Uajemi ndio waliojenga mtaa ule na minara yake. Ndani ya mnara kuna kuta mbili zilizopishana kama herufi X kutoka juu mpaka chini, kwa hivyo mnara mmoja ni mabomba manne. Upepo utoke upande wowote, kuna bomba linaloupokea na kuushusha chumbani. Hauhitaji kugeuzwa.

Fanya badgir ya kitambaa. Vitambaa viwili vipishane X, juu ufunike, chini sketi ivae kingo za dirisha lako, uninginize kwa henza, ile kamba ya kupandishia tanga. Boti igeuke itakavyo.

Jambo moja tu la kuangalia. Kwenye badgir lile bomba la upande wa pili wa upepo linanyonya. Nyumbani hilo ni jema, chumba kinapumua kwa mnara uleule. Kwako wewe hewa inaweza kushuka, ikaona omo pamefunga, ikapanda upande wa pili ikaondoka bila kuja kukusalimu. Kwa hivyo uipe njia kubwa ya kutokea huko tezi, iwe rahisi kwake kwenda kuliko kurudi.

FundiBaridi_Mtwapa

Wiki tano zimepita, nimerudi na habari.

Badgir ipo. Fundi cherehani wa hapa Mtwapa aliniuliza mara tatu hii ni nguo ya nani, nikamwambia ni ya dirisha, akatikisa kichwa akashona. Kitambaa ni cha hema la kambi lililochanika, chepesi, kinainuka hata kwa upepo wa kuzimia mshumaa.

Usiku wa kwanza nikaipandisha kwa henza, nikawasha udi, nikaja kukaa nione maajabu. Moshi ukashuka, ukazunguka kitanda, nusu yake ukapanda upande wa pili na kutoka zake. Neno kwa neno kama alivyosema mzukuu wa Unguja. Nikakasirika kidogo, halafu nikachukua futi nikapima kama mtu wa kazi. Dirisha la omo ni sentimita za mraba 2,500. Upenyo wa mlangoni, ule wa vidole vitatu, ni 5 kwa 60, yaani 300. Miaka 22 nawaambia wateja usizibe nyuma ya friji, na mimi nimeziba nyuma ya boti.

Nikatoa mbao mbili za juu. Moshi ukasita, ukapinda, ukaanza kutembea kuelekea tezi, ukapita meza, ukapita jiko, ukatoka mlangoni. Sasa jiko liko mwisho wa njia, siyo mwanzo. Nililala shuka hadi shingoni, na hilo halijatokea humo tangu niinunue.

Kwa ajili ya wezi, mahali pa zile mbao mbili nimeweka mlango mdogo wenye vibanzi vya mshazari kama madirisha ya nyumba za Mji wa Kale, wavu mpana kwa ndani, komeo. Chandarua kikubwa kitandani. Chaga nimeweka, na godoro Jumatano nilipolipindua lilikuwa kavu, nikalipindua tena kuhakikisha.

Vipimo, kwa wenye maradhi kama yangu: saa 4 usiku, nje nyuzi 26 na asilimia 86, ndani nyuzi 27 na asilimia 86. Ndiyo, asilimia za ndani ZIMEPANDA kutoka 84, na mke wangu alicheka sana kwamba nimetumia mwezi mzima kuongeza unyevu. Nikamweleza: pwani yetu huwezi kuikausha kebini ikawa kavu kuliko usiku wenyewe, mpaka uwe na mashine. Upepo unachoweza ni kuifanya ndani iwe kama nje, ile robo yetu ya ziada iondoke, na ngozi ipate kupulizwa. Kukausha hasa ni kazi ya mchana, saa 7 hadi saa 10, jua likiwa kali na hewa ya nje ikiwa na njaa ya maji. Ndiyo sababu kuifunga boti wiki nzima kulikuwa kunaiua.

Kwa hilo nimetoboa. Naam. Sanduku moja la dorade, la mvule, bomba la inchi 4, juu ya choo, kwa picha aliyonitumia fundi wa Tanga. Siku mbili nilisimama na drili nikairudisha mfukoni. Siku ya tatu nikakata. Katikati ya faiba mbili mna mbao laini, kwa hivyo kingo za tundu nikazichimbua kidogo na kuzijaza ipoksi kabla ya kufunga, maji yasije yakaingia humo kimyakimya. Yule mlango wa vibanzi ndio njia ya kutokea, hata nisipokuwapo.

Usiku usio na upepo kabisa, na zipo, badgir inaning'inia kama kanzu kwenye kamba. Hapo nawasha feni ya kompyuta ya sentimita 12 niliyoifunga juu ya jiko, inatoa nje. Inakula ampea 0.2, usiku wa saa kumi ni ampea-saa 2 tu, betri yangu ya 100 haijui hata kama imeguswa. Feni ya kutoa, siyo ya kuingiza, la sivyo mvuke wa jikoni unaurudisha kitandani.

Kilifi tumekwenda, kusi kisogoni. Mama watoto alipanda boti. Matatu ilipanda mizigo yake mingine, tusizungumzie hilo.

fundi_mvule_Tanga

Vizuri. Na hiyo betri iko wapi? Kama ni ya maji, ikichajiwa na sola inatoa hidrojeni, na hiyo ni nyepesi, inapanda. Kasha lake liwe na tundu juu, siyo chini. Gesi ya jikoni chini, ya betri juu. Angalia leo.

FundiBaridi_Mtwapa

Liko chini ya ngazi na tundu lake liko ubavuni chini. Nimeelewa. Kesho.

BiJikoni_Unguja

Na mvua? Maana nakuona umelala chini ya dirisha wazi lenye nguo juu yake.

FundiBaridi_Mtwapa

Bi Jikoni hukosi. Usiku wa pili Kilifi, saa 9, ilikuja mvua ya ghafla ikashuka kupitia badgir kama bomba lililopasuka, moja kwa moja kwenye kifua cha mama watoto. Sasa nimeongeza kamba moja inayoshuka ndani kupitia ukingo wa dirisha. Ukiivuta ukiwa umelala, sketi inajikunja, dirisha linaanguka lenyewe. Kamba hiyo ameishika yeye, halali bila kuifunga mkononi.

kijana_wa_ngalawa

Mzee naomba vipimo vya hiyo nguo. Siyo yangu. Ni ya mjomba ana boti.

FundiBaridi_Mtwapa

Ya mjomba, sawa. Kifuniko cha juu sentimita 60 kwa 60, na fito mbili nyepesi zilizopishana ili kikae wazi. Vitambaa viwili vya X, kila kimoja upana 85, urefu mita 1.6, vishone pamoja katikati. Sketi ya chini urefu nusu mita, izunguke pande zote nne, na lastiki ya kushika kingo za dirisha. Kitambaa cha upana wa mita 1.5, nunua mita tatu na nusu. Uzi uwe wa nailoni, wa pamba jua linaumaliza. Na mwambie mjomba aanze na udi.